Kutafuta Mchawi Baada ya Kushindwa



Methali isemayo "asiyekubali kushindwa si mshindani" mmekutana nayo vitabuni, na wengi wenu mmeshaiandikia insha. Ni methali njema. Hata hivyo, katika siasa za vyama imegeuzwa fimbo ya kumchapia mtu mmoja tu: mwanachama aliyeomba kuteuliwa na chama chake akakosa. Yeye ndiye anayeambiwa akubali, anyamaze, akae viti vya nyuma na kupiga makofi. Chama kizima kinaposhindwa katika uchaguzi, methali hiyo hiyo husahaulika. Ni nadra kumsikia kiongozi akisema "tumeshindwa." Husema "tumesalitiwa," na macho ya wote humgeukia yule yule aliyekosa uteuzi, pamoja na marafiki zake.

Leo nataka kulipinga zoea hilo waziwazi. Chama kinachomwita mtu msaliti kwa sababu tu alishindwa ndani ya chama, au alimuunga mkono aliyeshindwa, kinakwepa kujitazama. Na kwa kukwepa huko kinajiandalia kushindwa mara ya pili. Mifano yangu mingi itatoka Tanzania, kwa kuwa huko mambo haya hujadiliwa kwa Kiswahili na yako wazi kwa kila mtu kuyasoma. Lakini sisi watu wa Rusizi tuna sababu yetu wenyewe ya kuliogopa neno "msaliti," nami nitaifikia kabla sijaweka kalamu chini.

Maneno kwanza

Kwa kuwa hili pia ni somo la lugha, tukubaliane juu ya maneno. Nchini Tanzania, kura zinazopigwa ndani ya chama ili kumpata mgombea huitwa "kura za maoni." Msichanganye na "kura ya maoni," ambayo wananchi wote hupiga kuamua jambo moja, kwa mfano katiba mpya. Kenya hupenda kusema "mchujo," neno linalotukumbusha kitendo cha kuchuja chai: yaliyo mazuri hupita, makapi hubaki. Hebu fikirini jinsi mtu anavyojisikia anapohesabiwa miongoni mwa makapi. Mtu ambaye kikao cha juu kimeondoa jina lake husemwa kuwa "amekatwa." Lugha yenyewe ina kisu ndani yake.

Kuna pia "kutafuta mchawi." Katika siasa, msemo huu hauna uhusiano na mganga wala hirizi. Maana yake ni kumsaka mtu wa kubebeshwa lawama wakati sababu halisi zinajulikana, au zingejulikana kama watu wangekubali kuzitafuta. Mtoto akiugua malaria, wazazi wakaacha kumpeleka zahanati wakaenda kumwuliza jirani kwa nini alimtazama vibaya, hao wanatafuta mchawi. Chama kikishindwa, kikaacha kuuliza kuhusu sera zake, mawakala wake na uteuzi wake, kikauliza "nani alikuwa upande wa fulani," nacho kinafanya vivyo hivyo.

Dodoma, Julai 2015

Mwaka 2015 Chama cha Mapinduzi, CCM, kilikuwa kinamtafuta mtu wa kumrithi Rais Jakaya Kikwete. Wanachama 38 walirudisha fomu za kuomba kuteuliwa. Miongoni mwao alikuwamo Edward Lowassa, waziri mkuu aliyejiuzulu mwaka 2008 kufuatia ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Alikuwa na wafuasi wengi mno ndani ya chama. Kamati Kuu ilipokutana Dodoma ilipitisha majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Jina la Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu hiyo hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakasema hawakubaliani na uamuzi huo, kwani kwa maoni yao taratibu hazikufuatwa. Vikao viliendelea, na Mkutano Mkuu ukamteua Magufuli kwa asilimia 87 ya kura.

Zingatieni kwamba wajumbe hao hawakukimbia usiku wala hawakuficha nyuso zao. Walisema kwa majina yao kwamba utaratibu umekiukwa. Mtu anaweza kuona walikosea, na mtu anaweza kuona ilifaa waseme ndani na si nje. Hayo ni mabishano halali.

CCM kilishinda uchaguzi wa Oktoba 25, 2015. Magufuli alipata asilimia 58.46 ya kura, Lowassa, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamia Chadema, akapata asilimia 39.97. Kwa CCM huo ulikuwa ushindi, lakini ushindi wenye onyo: tangu vyama vingi viliposhindana mara ya kwanza mwaka 1995, hakuna mgombea urais wake aliyewahi kupata kiwango kidogo namna hiyo. Swali la busara lilikuwa: kwa nini wananchi milioni sita wamempa kura mtu tuliyemkata? Yawezekana swali hilo liliulizwa katika baadhi ya vikao. Kilichoonekana hadharani, Machi 2017, kilikuwa adhabu. Sophia Simba alifukuzwa uanachama pamoja na wengine kadhaa waliotuhumiwa kukisaliti chama, Nchimbi akapewa onyo kali, Kimbisa akasamehewa.

Sasa tazameni yaliyofuata. Sophia Simba baadaye alisamehewa akarejeshewa uanachama. Lowassa mwenyewe alirudi CCM Machi 1, 2019, akapokewa kwa shangwe katika ofisi ndogo ya chama, Lumumba, Dar es Salaam, mbele ya Magufuli. Nchimbi akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akateuliwa kuwa mgombea mwenza wa Rais Samia Suluhu Hassan. Nawauliza kama mwalimu wa lugha: ikiwa neno "usaliti" lilikuwa na maana yake ya kamusi mwaka 2017, limekwenda wapi mwaka 2024? Je, matendo ya Julai 2015 yamebadilika? Hayawezi kubadilika, kwani yamekwisha kutendeka. Kilichobadilika ni nani ameshika usukani na nani anahitajiwa na nani. Neno lililopaswa kutaja tendo lilikuwa linataja uhusiano wa mtu na wakubwa wa siku hiyo. Kama ni hivyo, ilikuwa dhuluma kulitumia kama hukumu.

Upande wa pili wa mto

Msidhani nawaandama CCM peke yao. Upinzani ulikunywa maji ya kisima hicho hicho, na kwao kiu ilikuwa kali zaidi kwa sababu wao walishindwa kwelikweli.

Katika Chadema, mtu aliyetarajiwa na wengi kupeperusha bendera mwaka 2015 alikuwa Dkt. Wilbrod Slaa, katibu mkuu wa chama na mgombea wake wa urais wa mwaka 2010. Ni yeye aliyesoma hadharani mwaka 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, orodha ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Lowassa alizikanusha tuhuma dhidi yake. Julai 28, 2015, Lowassa alitangazwa kujiunga na Chadema, na muda si mrefu akawa mgombea wa umoja wa vyama vinne ulioitwa UKAWA. Septemba 1, Slaa alitangaza kuachana na siasa za vyama. Katika CUF, chama mshirika, mwenyekiti Profesa Ibrahim Lipumba alikuwa amejiuzulu mwanzoni mwa Agosti, akisema dhamiri yake haikuridhika na mgombea huyo.

Kura zilipohesabiwa na UKAWA ukakosa urais, lawama zilikuwa tele. Wapo waliosema tumeponzwa na Lowassa. Wapo waliosema tumeponzwa na Slaa na Lipumba, waliotuacha mkono katikati ya mapambano. Wapo waliosema kura zimeibwa, basi hakuna la kujadili. Mabishano hayo yote yalihusu watu. Ni wachache waliouliza maswali ya utaratibu: nani aliamua kumpa tiketi mtu aliyekuwa mwanachama kwa siku chache tu? Wanachama wa kawaida walishirikishwaje? Na yule aliyeachwa nje ya uteuzi, Slaa, aliandaliwa nafasi gani ya heshima ili asiwe na sababu ya kuondoka?

Gharama ilikuja polepole. Lipumba aliomba kurudi katika uenyekiti mwaka 2016, chama kikagawanyika kati yake na Maalim Seif Sharif Hamad, mivutano ikafika kwa Msajili wa Vyama na mahakamani. Machi 18, 2019, baada ya Mahakama Kuu kumpa Lipumba ushindi, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo siku hiyo hiyo, na ngome ya CUF Zanzibar ikahama naye. Lowassa alikuwa ameshaondoka wiki chache kabla. Frederick Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani aliyehamia Chadema mwaka 2015, naye aliondoka mwishoni mwa 2019. Kile kilichokuwa umoja wenye asilimia 40 ya kura kilitawanyika ndani ya miaka minne.

Kama hilo halitoshi kuwa funzo, tazameni Januari 2025. Chadema kilikuwa kimetoka katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, ambao CCM kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Katika uchungu huo, chama kiliingia uchaguzi wa mwenyekiti. Freeman Mbowe, aliyekiongoza tangu mwaka 2004, alipata kura 482. Tundu Lissu alipata 513. Tofauti ni kura 31.

Mbowe alifanya jambo ambalo natamani kila mwanafunzi wangu alikumbuke: alikubali matokeo kabla hata hayajatangazwa rasmi, na akampongeza mshindi. Hapo methali yetu ilitendewa haki na mtu mmoja. Lakini chama ni zaidi ya mtu mmoja. Wajumbe 482 walikuwa na maoni tofauti na wale 513, na miezi michache baadaye maoni hayo yalitoka nje. Kundi lililojulikana kama G55 lilipinga msimamo wa chama wa kutoshiriki uchaguzi mkuu bila mageuzi ya sheria. Upande mmoja ulisema wenzao wamenunuliwa. Upande wa pili ulisema unabaguliwa kwa sababu ulimuunga mkono aliyeshindwa. Lissu mwenyewe alikamatwa Aprili 2025 akashtakiwa kwa uhaini, yaani chama kilikuwa na kila sababu ya kushikamana. Mwezi Mei kundi kubwa la viongozi na makada lilihamia CHAUMMA. Aliyeteuliwa na CHAUMMA kugombea urais mwaka huo ni Salum Mwalimu, mtu aliyekuwa mgombea mwenza wa Lissu mwaka 2020. Miaka mitano tu ilitosha kuwatoa watu wawili kwenye bango moja la kampeni hadi kwenye vyama viwili.

Sisemi kwamba waliohama walikuwa sahihi kuhusu uchaguzi. Hilo ni suala lao na wapiga kura wa Tanzania. Nasema kwamba karibu nusu ya mkutano mkuu wa chama haiwezi kuwa wasaliti. Ukifikia mahali pa kuamini hivyo, tatizo limo katika kipimo chako.

Wanaonipinga wanasema nini

Najua majibu yatakayotolewa, na mengine yana uzito.

La kwanza ni nidhamu. Chama, wanasema, si soko la Kamembe ambako kila mmoja anapaza sauti kuuza nyanya zake. Uamuzi ukishafanywa, wote wafuate. Nakubali sehemu ya hoja hii. Lakini wenye kuitumia huchanganya matendo matatu yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Kuna kulalamika kwa jina lako kwamba utaratibu umevunjwa. Kuna kuondoka waziwazi na kujiunga na wengine. Na kuna kubaki ndani, ukila kiapo mchana, huku usiku ukimpelekea mshindani siri za kampeni. La kwanza ni haki ya mwanachama. La pili ni uhuru wa raia, hata likiumiza. Hilo la tatu peke yake ndilo linalostahili jina la usaliti, nalo linahitaji ushahidi, kusikilizwa kwa mtuhumiwa na nafasi ya kukata rufaa. Asiyetofautisha matatu haya hajengi nidhamu. Anajenga woga, na waoga hawamwambii kiongozi kwamba kampeni inakwenda vibaya mpaka siku ya kuhesabu kura.

Jibu la pili linahusu tamaa. Wengi wanaohama baada ya kukatwa, wanasema, wanafuata tumbo. Ni kweli kuhusu baadhi yao, na sitawatetea. Ila jiulizeni kwa nini chama kinachomlaani mtu wake kwa kuhama huwapokea kwa ngoma na matarumbeta waliokatwa na chama kingine. Chadema kilimpokea Lowassa, na CCM kikampokea tena. Mlango ni ule ule. Ukifungwa kwa wanaotoka ufungwe na kwa wanaoingia.

Tena tamaa si maelezo pekee. Nchini Tanzania sheria hairuhusu mgombea huru: lazima uteuliwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania jambo hili mahakamani kwa miaka mingi, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa ushindi. Hata hivyo uchaguzi wa 2015 ulifanyika bila wagombea huru, na hata wa 2025 pia. Hivyo mtu akishakatwa na chama chake, mbele yake kuna njia mbili: kuzika ndoto yake au kugonga mlango wa chama kingine. Kenya iliruhusu wagombea huru katika Katiba ya 2010, kwa sharti kwamba mtu asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hapa kwetu Rwanda pia sheria inawaruhusu. Philippe Mpayimana aligombea urais kama mgombea huru mwaka 2017 na tena mwaka 2024. Mgombea huru hushinda mara chache, lakini kuwapo kwa njia hiyo hupunguza sababu ya kukiita kila kilio cha aliyekatwa kuwa ni hujuma.

Kwa nini mwalimu wa Rusizi anajali

Mtu anaweza kuniuliza: haya yote ya Dodoma na Dar es Salaam yanakuhusu nini wewe unayefundisha kando ya Ziwa Kivu? Yananihusu kwa sababu tunajua hapa mwisho wa barabara hii unaweza kufika wapi.

Vyama vingi viliruhusiwa tena nchini Rwanda mwaka 1991, na MDR kikawa chama kikubwa cha upinzani. Mwenyekiti wake, Faustin Twagiramungu, alikuwa mzaliwa wa Cyangugu. Sizungumzii hapa siasa zake za miaka ya baadaye. Nazungumzia Julai 1993. Wakati huo chama kiligombana juu ya nani awe mtu wake wa nafasi ya waziri mkuu katika serikali ya mpito iliyokuwa ikijadiliwa Arusha. Twagiramungu alikuwa upande mmoja. Wapinzani wake ndani ya chama walimtaka Jean Kambanda. Mkutano wa chama wa mwezi huo ulimfukuza Twagiramungu uanachama. Agathe Uwilingiyimana, mwana-MDR aliyekuwa ametoka tu kuteuliwa waziri mkuu, alihesabiwa pamoja naye. Mkataba wa Arusha uliotiwa saini Agosti 4 ulimtaja Twagiramungu kuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito, na chama kikabaki vipande viwili. Oktoba 1993 mmoja wa viongozi wa kipande kilichojiita Power, Froduald Karamira, alisimama Nyamirambo na kunadi siasa ya chuki ya kikabila mbele ya umati.

Nataka nieleweke vizuri. Ugomvi wa MDR haukuwa chanzo cha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mauaji hayo yalitokana na itikadi ya chuki iliyolelewa kwa miongo mingi, yakapangwa na kutekelezwa na watu wenye majina na vyeo. Lakini migawanyiko ya namna hiyo iliwapa wenye itikadi hiyo vyombo vya kutumia, na neno la kutumia walikuwa nalo tayari. Kwa Kinyarwanda ni "icyitso," wingi wake "ibyitso": mshirika wa adui aliye ndani. Mwishoni mwa mwaka 1990 maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, walikamatwa kwa jina hilo. Kisha likapanuliwa, likamfikia na mwanasiasa yeyote aliyekataa siasa ya utengano. Aprili 7, 1994, Agathe Uwilingiyimana aliuawa. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, yule aliyetakiwa na wapinzani wa Twagiramungu, alikuwa waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji. Mwaka 1998 alikiri kosa la mauaji ya kimbari mbele ya mahakama ya kimataifa ya Arusha, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Ndiyo maana ninaposikia "msaliti" likirushwa kwa wepesi katika redio, kwa Kiswahili kitamu nilichokipenda hadi nikaamua kukifundisha, mimi sicheki. Tanzania si Rwanda ya 1993, na silinganishi CCM wala Chadema na Power. Nalinganisha tabia moja tu ya neno: likishazoeleka bila ushahidi, halina breki. Leo linamhusu aliyekosa uteuzi, kesho anayemtetea, keshokutwa anayeuliza swali.

Kifanyike nini

Kulaumu bila kupendekeza ni kazi rahisi, basi nipendekeze.

Kanuni za uteuzi ziandikwe na kutangazwa kabla fomu ya kwanza haijachukuliwa, na zisiguswe hadi mshindi apatikane. Kikao kinachokata jina la mtu kimpe sababu kwa maandishi. Aliyekatwa kwa sababu asizoambiwa atazitunga mwenyewe, na atakazotunga zitakuwa mbaya kuliko za kweli.

Rufaa zisikilizwe na watu wasiofaidika na matokeo. Kenya ina Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa lililowekwa kwa sheria, na ingawa halimalizi ugomvi wote, linampa mlalamikaji mahali pa kwenda mbali na kipaza sauti cha mkutano wa hadhara.

Chama kikishindwa, tathmini iandikwe na wanachama ambao hawakuiendesha kampeni. Waliokuwa jikoni wasipewe kazi ya kueleza kwa nini ugali umeungua, maana watasema kuni zilikuwa mbichi. Na tathmini hiyo ianze na idadi: tulipata kura ngapi wapi, tulikuwa na mawakala vituo vingapi, wanachama wangapi hawakujitokeza na kwa nini. Majina ya watu yaje mwisho, kama yatahitajika.

Aliyeshindwa apewe kazi halisi: eneo la kusimamia katika kampeni, kamati ya kuongoza, sauti katika ilani. Mtu mwenye wafuasi 482 dhidi ya 513 ni hazina, na hazina haiachwi barabarani kisha tukashangaa kwamba ameiokota mwingine.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuwa watu wazima wenye kadi za vyama. Mwezi wa kuchagua viongozi wa wanafunzi ukifika, tazameni yanayotokea. Anayeshindwa uongozi wa darasa huwa anatengwa pamoja na marafiki zake kwa muhula mzima, mkiandaa mashindano ya michezo naye hapewi kazi, na timu ikifungwa huambiwa "mlifurahi ninyi." Huo ndio mbegu ya yote niliyoyaeleza, na unaweza kung'olewa ukiwa bado mche.

Kwa juma hili, andikeni insha ya maneno 400 mkichagua upande mmoja: "Mwanachama aliyekosa uteuzi ana haki ya kulalamika hadharani," au "Mwanachama aliyekosa uteuzi anapaswa kulalamika ndani ya vikao tu." Tumieni maneno mkosoaji, mpinzani, mhamaji na msaliti, kila moja kwa maana yake, na msiliweke la mwisho mahali ambapo mojawapo ya yale matatu linatosha. Atakayenipinga kwa hoja nzuri nitamsoma kwa furaha, wala hatapunguziwa alama hata moja.